Katuni hailipi ushuru, ila hukamatwa mpakani

Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usambazaji wa The EastAfrican, gazeti la kila wiki linalotoka Nairobi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiofisi: gazeti halikuwa limesajiliwa nchini. Hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa kweli pia mwaka uliotangulia, na mwaka wa kabla yake. Gazeti hilo lilianzishwa 1994, na kwa takriban miaka 20 lilivuka mpaka na kuuzwa Tanzania bila mtu kuulizia cheti.

Kabla ya amri hiyo, mchoraji wake, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gado, alikuwa amemchora Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akihudumiwa kama mfalme na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala, rushwa ikiwemo. Gado mwenyewe ameeleza hadharani kwamba anaona mchoro huo ndio uliowasha moto. Mwaka huo alikwenda likizo ndefu, na 2016 mkataba wake na kampuni ya Nation haukuongezwa. Baadaye akahamia gazeti la Standard.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula hahitaji kutafsiriwa kisa hiki. Mzigo umepita miaka kumi bila swali, kisha siku moja afisa anadai karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia. Mzoefu wa mpakani hapotezi muda kuuliza karatasi hiyo inapatikana dirisha gani. Anauliza nani amekasirika.

Hapo ndipo katuni inapomhusu mtu mwenye duka, lori au kibanda cha kubadilisha fedha. Namna nchi inavyoitendea katuni ya magazetini ni kipimo cha namna inavyofanya uamuzi: je, inafuata sheria inayojulikana mapema na kesi inayosikilizwa mahakamani, au inafuata hasira ya siku hiyo iliyovikwa joho la kanuni? Anayeagiza mahindi, mbao au vifaranga kutoka upande wa pili anaishi kwa jibu la swali hilo.

Soko la pamoja kabla ya Soko la Pamoja

Wachora katuni walivuka mipaka ya ukanda huu kabla ya wanasiasa kuifungua. Gado ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyejiunga na Daily Nation jijini Nairobi mwaka 1992. Jumuiya ya kwanza ilikuwa imevunjika tangu 1977, na mkataba wa Jumuiya ya sasa ulikuwa bado haujatiwa saini. Ulisainiwa Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayozungumzia uhuru wa watu kufanya kazi nchi yoyote mwanachama, ilianza kutumika Julai 2010. Kufikia hapo Gado alikuwa amekwisha kuwachora viongozi wa ukanda mzima kwa miaka 18, huku wasomaji wengi wa Kenya wakimhesabu kuwa wao.

Hakuwa peke yake. Frank Odoi, aliyebuni mhusika Golgoti, alitoka Ghana akafanya Nairobi kuwa kwake hadi alipofariki katika ajali ya matatu Aprili 2012. James Tumusiime wa Uganda alimtambulisha Bogi Benda kwa wasomaji wa Daily Nation. Mwaka 1973 Terry Hirst, Mwingereza, na Hilary Ng'weno, Mkenya, walianzisha jarida la Joe, ambalo mhusika wake mkuu alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini anayepambana na maisha huku akicheka.

Kwa Kiswahili, mizizi ni mirefu vilevile. Kenya ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyekaa katika kurasa za Taifa Leo kwa miongo. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, lililokuwa gazeti la chama kinachotawala. Leo ina Ali Masoud, yaani Masoud Kipanya, ambaye kipanya chake kidogo hukaa pembeni ya mchoro wa Mwananchi akishuhudia mambo ya wakubwa.

Ukiwaweka wahusika hawa mstari mmoja, Juha Kalulu, Chakubanga, Joe na Kipanya, utaona wanafanana. Wote ni watu wadogo, na mmoja ni panya. Hawana cheo, hawana gari la msafara, na maamuzi hufanywa bila wao kuulizwa. Ndiyo maana mchuuzi anayevuka mpaka na mabunda mawili ya vitenge huwaelewa haraka. Wanasimama alipo yeye, chini, wakitazama juu.

Mchoro una faida nyingine katika ukanda wenye lugha nyingi. Tahariri ya Kiingereza ya Nairobi haitamfikia muuza dagaa wa Kigoma, wala makala ya Kifaransa ya Bujumbura haitamfikia dereva wa Malaba. Lakini mtu mnene aliyekalia gunia la unga huku foleni ya wenye njaa ikimzunguka hahitaji mkalimani. Wenye mamlaka wanalijua hilo. Makala ndefu ya kukosoa husomwa na wachache na kusahaulika Jumatatu, ila katuni hubandikwa kwenye ukuta wa kinyozi.

Mashimo ya Kampala

Mfano wa karibuni wa katuni iliyogusa biashara moja kwa moja unatoka Uganda. Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri wa falsafa na mchora katuni wa gazeti la The Observer, Aprili 2023 aliwaalika Waganda kupiga picha za mashimo ya barabarani na kuziweka mtandaoni kama maonesho ya sanaa. Wazo lilikuwa katuni bila kalamu. Shimo lilelile ambalo dereva amelikwepa miaka mitatu liliwekwa mbele ya macho kama mchoro wa makumbusho, na nchi nzima ikawa mtazamaji.

Picha zilimiminika kwa maelfu. Katika siku hizohizo Rais Yoweri Museveni alielekeza Wizara ya Fedha itoe fedha za kushughulikia mashimo ya Kampala. Maonesho mengine yakafuata, na mapema 2024 zamu ikawa ya matumizi ya fedha za Bunge.

Kwa mwenye lori, shimo ni hesabu. Ni springi iliyovunjika, nyanya zilizopondeka, na saa za ziada ambazo mnunuzi hazilipii. Ripoti za barabara mbovu zilikuwepo kabla ya Spire, na wahandisi walizijua. Kilichokosekana ni aibu. Aibu ndiyo bidhaa ambayo mchora katuni huisambaza kwa bei nafuu kuliko mtu mwingine yeyote, na wakati mwingine huleta greda mapema kuliko barua kumi za malalamiko.

Nchini Kenya kejeli iliingia kwenye kodi. Rais William Ruto alipewa jina la utani la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda juu ya mti, na jina hilo likazaa michoro isiyohesabika katika magazeti na kwenye simu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipowatoa vijana barabarani, mabango mengi yalikwisha kuwa katuni. Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais alitangaza kwamba hatausaini muswada huo.

Haitakuwa haki kusema katuni ndizo zilizouangusha muswada. Watu walikufa katika maandamano hayo, na kalamu haina uzito wa damu. Lakini jina Zakayo lilifanya jambo ambalo jedwali la wachumi halikuweza: lilimwezesha muuza mtumba wa Gikomba na mwenye duka la jumla wa Eldoret kuzungumzia sera ya kodi kwa neno moja.

Mchoro mmoja, sheria nyingi

Tatizo ni kwamba mchoro unaovuka mpaka kwa sekunde moja hukutana na sheria tofauti kila unapotua.

Rwanda iliandika neno katuni ndani ya sheria yenyewe. Kanuni ya adhabu ya 2018, katika kifungu cha 233, ilifanya kuwa kosa la jinai kumdhalilisha kiongozi wa kitaifa kwa maneno, ishara, maandishi au katuni. Wakili mmoja alikipinga kifungu hicho, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakifuta. Hata hivyo, mahakama hiyo ilikiacha kifungu cha 236, kilicholinda heshima ya Rais kwa adhabu ya kifungo. Kwa maana hiyo, kuanzia hapo mchoraji wa Kigali alijua waziri yuko upande upi wa mstari na Rais yuko upande upi. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia mstari huo, lakini ulichorwa mahakamani na ulisomwa hadharani.

Uganda nayo mahakama ilisema neno. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kimetumika dhidi ya wakosoaji wa mtandaoni. Lakini miezi michache kabla ya hukumu hiyo, sheria hiyohiyo ilikuwa imefanyiwa marekebisho na kuongezewa makosa mapya.

Tanzania, Septemba 2021, mchoraji Optatus Fwema alikamatwa jijini Dar es Salaam kwa sababu ya katuni aliyoiweka mtandaoni ikimwonesha Rais Samia Suluhu Hassan. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications. Chanzo kilikuwa katuni ya video iliyochapishwa na The Citizen, ikionesha mhusika anayefanana na Rais akitazama televisheni, na kila chaneli ina ndugu wa watu waliopotea au kuuawa wakilalamika. Kampuni iliiondoa katuni hiyo, lakini adhabu ikabaki.

Adhabu hiyo inastahili kuangaliwa kwa jicho la kibiashara. Katuni ilikuwa moja ya gazeti moja. Kilichosimama ni huduma ya mtandaoni ya magazeti yote ya kampuni, Mwananchi na Mwanaspoti yakiwemo. Mfanyabiashara aliyezoea kufungua simu asubuhi kusoma habari za mazao, bandari na fedha za kigeni alikuta ukurasa umelala. Ni sawa na kontena moja kukutwa na kasoro, kisha bohari zima likafungwa mwezi mzima.

Kenya, ambayo katiba yake ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari kwa maneno ya wazi kabisa, nayo haikubaki safi. Desemba 24, 2024, Gideon Kibet, maarufu Kibet Bull, aliyekuwa akisambaza picha za kivuli za kumkejeli Rais, alitekwa. Polisi walikana kuhusika. Siku chache baadaye Rais Ruto alisema hadharani kwamba utekaji utakomeshwa, na Januari 6, 2025 Kibet akaonekana akiwa hai. Hapo hapakuwa na kifungu, wala leseni, wala hati ya mashtaka. Wengine wanaikataza katuni kwa sheria mbaya. Utekaji ni kuikataza bila sheria yoyote, na hali hiyo ni ya kutisha zaidi kwa yeyote anayetegemea sheria ili kulala usingizi.

Amri za ghafla zina jamaa zake

Orodha hiyo ikiwekwa pembeni ya orodha ya misukosuko ya mipakani, undugu unaonekana. Mwaka 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna, na haukufunguliwa rasmi hadi mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za uwakala wa fedha kwa simu.

Kila amri ilikuwa na hoja yake, na baadhi ya hoja zina uzito. Sumukuvu inaua. Magonjwa ya kuku yapo. Wazawa wana haki ya kulindwa. Lakini katika visa vingi mfanyabiashara aliyapata kama mvua ya mawe: mzigo uko njiani, fedha imelipwa, ndipo tangazo linatoka.

Si kweli kwamba nchi yenye uhuru mkubwa wa kuchora haifanyi makosa ya aina hii. Kenya, yenye kalamu kali kuliko zote katika ukanda, ndiyo iliyozuia mahindi usiku na mchana bila kumwonya jirani. Tofauti huonekana baadaye. Mahali ambapo magazeti, wakulima, wasagaji na wachoraji wanaweza kupiga kelele siku ya pili, uamuzi mbaya una nafasi ya kusahihishwa siku ya tano. Mahali ambapo kejeli ni kosa, uamuzi mbaya hukaa hadi wakubwa wapatane wao kwa wao.

Mstari ambao haupaswi kuvukwa

Wanaotetea udhibiti wana hoja moja isiyopaswa kupuuzwa, na ukanda huu unaijua kuliko mwingine wowote. Jarida la Kangura la Rwanda, kati ya 1990 na 1994, lilichapisha katuni zilizowadhalilisha Watutsi na kuchochea chuki. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha. Mchoro unaweza kuua.

Lakini somo la Kangura linasomwa vibaya pale linapotumiwa kumlinda waziri asichekwe. Katuni za Kangura zililenga raia kwa sababu ya kabila lao. Zilimtazama mnyonge kutoka juu, na zikamfundisha jirani kumwogopa jirani. Katuni ya Gado au Spire inamtazama mwenye dola kutoka chini, na inayemdhihaki ana walinzi, wanasheria na televisheni ya taifa ya kumjibu. Sheria nzuri hutenganisha mambo haya mawili. Sheria mbovu huyachanganya kwa makusudi: huanza kwa kutaja amani, huishia kulinda vyeo.

Kuna pia hoja ya adabu. Katika jamii zetu mtu mzima hachekwi hovyo, na kiongozi huitwa mzee, baba au mama. Hata hivyo, utamaduni huohuo una utani. Makabila yenye utani hutaniana hata msibani, na mtani humwambia mfiwa maneno ambayo ndugu wa damu asingethubutu. Heshima na utani vimeishi nyumba moja siku zote. Mchora katuni ni mtani wa serikali.

Arusha imesema, nani amesikia?

Kwa upande wa Jumuiya, sheria haipo kimya. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilitamka Mei 2015 kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Juni 2018 ilisema kufungiwa kwa gazeti la Mseto la Tanzania kulikuwa kinyume cha Mkataba. Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 navyo vinakiuka Mkataba huo, na Tanzania iliifanyia sheria hiyo marekebisho 2023.

Msingi wa hukumu hizo ni uleule ambao mfanyabiashara huutegemea: vifungu vya Mkataba vinavyozitaka nchi wanachama kuheshimu utawala bora na utawala wa sheria. Na udhaifu wake ni uleule anaoulalamikia kila siku. Mahakama haina askari wa kutekeleza hukumu, kama ambavyo kamati za kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha hazina uwezo wa kuinua kizuizi cha barabarani. Utekelezaji umeachiwa mlalamikiwa.

Wakati hayo yakisubiri, mpaka umehamia kwenye simu. Kundi moja la WhatsApp la wasafirishaji linaweza kuwa na wanachama wa Kampala, Kigali, Mwanza na Mombasa. Asubuhi mmoja anatuma bei ya mchele, wa pili anauliza hali ya foleni Rusumo, wa tatu anarusha katuni ya rais fulani, na wote wanacheka. Ni mchoro mmoja, lakini aliyeko Mombasa ametazama utani, na aliyeko Kigali au Mwanza huenda ameshika kitu ambacho sheria ya alipo ina jina jingine la kukiita. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinamsaidia mchuuzi kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000. Hakuna cheti cha kicheko.

Mpaka nchi nane za Jumuiya zitakapokubaliana juu ya hilo, mwenye kundi la namna hiyo ana uamuzi wa kufanya ambao zamani aliufanya mhariri peke yake. Wengi wameshaufanya kimyakimya: sheria ya kundi inasema hapa ni biashara tu, siasa hapana. Ni busara inayoeleweka. Lakini shimo la barabarani, kodi ya mafuta na amri ya kufunga mpaka ni siasa na ni biashara kwa wakati mmoja, na siku habari hizo zitakapokatazwa kuchorwa, kundi litabaki na uvumi. Kila aliyewahi kununua mzigo kwa uvumi anajua bei yake.